Kibao cha Kibao cha Mbuzi

Kitenzi "ilitumika" kimenisumbua mwaka mzima. Hakina kosa la sarufi. Kina ngeli, kina wakati, kina mzizi, kisha kina kile kiambishi cha kutendeka ambacho hakimhitaji mtu yeyote. Barua ikiandikwa, kuna mwandishi hata kama hatajwi. Ikiandikika, basi imeandikika, na hakuna anayeuliza na nani. Hicho ndicho kitenzi kinachotawala vibao vingi vya makumbusho yetu: mtungi ulitumika, jembe lilitumika, kiti kilitumika, ngoma ilitumika. Zunguka ukumbi ukisoma kwa sauti, utadhani vyombo hivi viliishi peke yao, vikatumika, kisha siku moja vikaacha.

Nasomea shahada ya uzamili katika usanifu wa mawasiliano, na mradi wangu ni vibao 31 vya makumbusho madogo ya chumba kimoja na baraza, safari ya matatu mbili kutoka Mombasa. Sitayataja jina. Watu wake wamenikirimu, na yanayowapata wao yanayapata makumbusho mengi ya ukubwa ule. Kazi yangu ni kuandika upya maneno, kuchagua herufi, rangi na ubao wenyewe, kisha kusimamia vinavyotengenezwa. Kwenye pendekezo la mradi niliandika kwamba vibao vipya "vitaakisi utamaduni na urithi wa wenyeji". Kila aliyesoma sentensi hiyo aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza kibao kinaakisije utamaduni, na kwa kweli hapo ndipo mwaka wangu ulipokwenda.

Siku za mwanzo sikusanifu chochote. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kabati la vyombo vya jikoni na daftari, nikaandika watu wanasema nini kabla ya kusoma na wanasema nini baada ya kusoma. Siku ya tatu walikuja kina mama wa chama kimoja, kama kumi na wawili hivi, wametoka kwenye harusi ya mbali wakaamua kupitia. Mmoja alisimama mbele ya mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Juu yake palikuwa na maelezo ya Kiingereza kwa herufi nene. Chini yake, kwa herufi ndogo za mlazo, palikuwa na Kiswahili: "Kikuna nazi cha asili. Kilitumika na jamii za pwani kukunia nazi."

Akakisoma chote kwa sauti. Halafu akageuka: "Kilitumika? Kwani sisi tumekufa?"

Wenzake wakacheka mpaka mlinzi akachungulia. Mwingine akaongeza, "Na huyo kikuna nazi ni nani tena? Si mbuzi hii? Mimi nimeikalia asubuhi."

Nimeisimulia habari hii mara nyingi darasani na kila mara watu hucheka, lakini nilipokaa nayo niliona kwamba mama yule alikuwa amefanya uchambuzi ambao sijauona katika makala yoyote niliyopangiwa kusoma. Sentensi ile ilikuwa tafsiri. Kiingereza chake kilisema tu kwamba ni chombo "used" na watu wa pwani kukunia nazi, na neno hilo, lilivyokaa pale, halina wakati. Linaweza kuwa jana, leo au milele. Mtafsiri alipofika hapo Kiswahili kilimdai achague: kilitumika, kinatumika, au hutumika. Hakwenda jikoni kuuliza. Aliangalia mahali alipo, akaona yumo makumbusho, akachagua wakati uliopita. Kwa viambishi viwili, li na ki, akamzika mwanamke aliyekuwa amesimama mbele yake na harufu ya nazi mikononi.

Inaudhi zaidi kwa kuwa Kiswahili kina njia ya kukwepa mtego huo bila jasho. Tunasema mbuzi ya kukunia nazi, kinu cha kutwangia, kawa la kufunikia chakula. Kile kiunganishi cha "-a ku-" hakina wakati wowote. Kinakwambia chombo ni cha nini, basi, kama unavyomwambia mtoto. Na kama ni lazima kitenzi kiwepo, kuna "hu-": hutumika. Silabi moja.

Halafu kuna zile herufi za mlazo. Wasanifu hutumia mlazo kwa neno la kigeni, kumwonya msomaji kwamba hapa tumetoka nje ya lugha yetu kidogo. Kibao kinachoweka Kiingereza kwa herufi zilizosimama na Kiswahili kwa herufi zilizolala, katika mji ambao samaki hununuliwa kwa Kiswahili na wafu huombewa kwa Kiswahili, kinasema mgeni ni nani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara hiyo haijafika kwenye ukubwa wa herufi.

Kabla yangu, makumbusho yale yalikuwa yamepata pendekezo kutoka kwa kampuni moja ya usanifu. Nililipewa niliangalie. Vibao vilikuwa vya kahawia, pembeni vina ukanda wa pembetatu nyekundu na njano, kona moja ina mnazi, kona nyingine ina ngao ambayo haijawahi kushikwa na mtu yeyote wa sehemu zile. Vichwa vya habari vilikuwa kwa zile herufi nene zenye kingo kama zimechongwa kwa panga, herufi unazoziona kwenye vitabu vya safari, vifuko vya kahawa, na kila kitu kinachotaka kusema "Afrika" kwa haraka.

Nikatafuta zimetoka wapi. Herufi za aina hiyo chimbuko lake kubwa ni seti iitwayo Neuland, iliyochorwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923 kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor, mjini Offenbach. Hakuwa akifikiria Afrika. Filamu ya Jurassic Park ya 1993 ilipotaka nembo ya mijusi wakubwa, ilizichukua hizo hizo. Kwa hiyo utamaduni wa wenyeji, katika pendekezo lile, ulikuwa umevaa koti moja na dainosari.

Sitaki kuwacheka sana. Aliyechora alikuwa na wiki mbili na picha za mtandaoni, na alifanya jambo ambalo wengi wetu tunafundishwa: chukua maudhui kama yalivyo, yavalishe nguo za mahali. Utamaduni unakuwa ukanda wa pembeni. Maneno ya ndani yanabaki yale yale, "kilitumika na jamii", yamezungushiwa pembetatu.

Ila pwani haijawahi kukosa maandishi ya hadharani. Ndiyo hoja niliyoikuta nikiwa nimechelewa kidogo kwenye ratiba, na ikabadilisha mradi. Fikiria leso, au kanga kama wengine wasemavyo. Ina pindo, ina mji, na ina jina, ule mstari wa maneno chini ya mji. Zamani maneno hayo yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaingia herufi za Kirumi, kubwa zote, zisizo na madoido. Hakuna anayelalamika kwamba herufi zile si za Kiafrika vya kutosha. Uswahili wa leso uko kwenye namna inavyosema. Inasema na mtu. Ina "wewe" na "mimi", ina jirani anayelengwa, ina mke mwenza anayejua kabisa ni yeye. Mwenye leso hununua jina kabla ya rangi, na anaweza kulivaa nje siku moja maalumu ili lisomwe na mtu mmoja maalumu.

Milango ya kuchonga ya Lamu, Mombasa na Unguja nayo husema. Kwenye kizingiti cha juu mara nyingi pana aya, na pengine mwaka wa Hijria, na mara nyingine jina la mwenye nyumba. Mashua zina majina ubavuni. Matatu ndiyo usiseme. Kote huko maandishi yana mwenyewe na yana anayeambiwa. Ni kwenye makumbusho tu, mahali palipojengwa kwa ajili ya mambo yetu, ambapo maandishi hayana msemaji wala msemewa.

Na hili linapingana na jina la mahali penyewe. Kumbuka, kumbusha, makumbusho. Kuna kauli ya kutendesha ndani ya neno hilo, na kauli hiyo inadai mtu wa kukumbushwa. Kenya tunasema pia makavazi, lakini sikio langu linapenda hili la kwanza. Huwezi kumkumbusha mtu kwa kumsema yeye kama hayupo.

Nikaanza upya na vyombo vya jikoni, na kwa hilo nilihitaji mtu anayevijua. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Lamu, akaolewa Mombasa, na jikoni kwake hakuna chombo kisicho na jina. Nilimpelekea picha za kabati zima kwenye simu. Alivaa miwani, akaanza kupitia kama anayehakiki mirathi.

"Hii wameandika nini?"

"Chujio la asili, bibi."

"Chujio la chai?"

"La tui."

"Basi ni kifumbu. Chujio kila kitu ni chujio. Soksi pia ni chujio ukitaka."

Nilikaa kwake siku mbili. Alinieleza kwamba kifumbu hutiwa nazi iliyokunwa na maji ya vuguvugu, kikaminywa mpaka tui likatoka na chicha ikabaki, na kwamba kifumbu kipya hakitumiwi siku ile ile, kwa sababu kitatia tui ladha ya ukindu. Alinionyesha upawa wake wa kifuu, ambao umeshika rangi ya samli kwa miaka. Alinifundisha kutofautisha mkeka wa kulalia na msala kwa kuhesabu ukili na kutazama ulivyoshonwa. Haya yote yalikuwa katika kabati la makumbusho, kila kimoja kimeandikwa neno moja la jumla na "cha asili". Neno "asili" nimelipiga marufuku katika mradi mzima. Ni neno la mtu aliyesimama mbali.

Lakini bibi alileta tatizo jipya, maana yeye husema Kiamu. Kwake mchele ni mtele, njia ni ndia, chini ni tini na juu ni yuu. Makumbusho yana mfano mdogo wa nyumba ya mawe ya Lamu, umechongwa kwa mbao, vyumba vyote vimepangwa: daka la kuingilia, kiwanda katikati, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani. Kibao cha zamani kilisema "ukumbi wa kwanza" na "ukumbi wa pili". Hizo ni hesabu, si majina. Aliyekulia katika nyumba hizo anajua msana wa yuu uko yuu kweli, umeinuliwa kwa ngazi moja, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyopanda na ndivyo faragha inavyoongezeka. Jina ndilo lenye ramani.

Nikaandika rasimu yenye "msana wa tini". Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye huleta wanafunzi kila muhula, akaisoma na kukataa palepale. "Hawa wana mtihani," alisema. "Mtoto akiandika 'tini' kwenye insha, mimi ndiye nitakayeulizwa." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Kiswahili cha mtihani kilipata msingi wake katika mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Mkutano huo ulifanyika Mombasa, mji wenye Kimvita chake na washairi wake. Kamati ya lugha ikaundwa 1930, vitabu vikafuata, na leo mtoto wa pwani anaweza kupoteza alama kwa neno la bibi yake.

Mhifadhi wa makumbusho, ambaye sote tunamwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha historia, alitukalisha yeye na mimi na mwalimu wa shule kwenye baraza, akaagiza chai. Tulikubaliana hivi: jina la kitu liwe lile la wenye kitu, kwa herufi kubwa, juu. Maelezo yawe sanifu. Kwa hiyo kibao kinasema MSANA WA YUU, na mstari wa chini unaeleza kwa Kiswahili cha shule kwamba ni ukumbi wa juu, ulioinuliwa kwa ngazi. Mwalimu wa shule akasema sasa anaweza kukigeuza kuwa somo la lahaja. Kiingereza kipo, kwa ukubwa ule ule wa maelezo, chini. Wageni hawajalalamika. Wamezoea kuinama kusoma.

Ufundi wenyewe una mambo ambayo vitabu havikuniambia. Miongozo mingi ya uandishi wa lebo hutoa idadi ya maneno, hamsini au sabini kwa kibao. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kinaweza kusema "sijakuonyesha" kwa neno moja pale ambapo Kiingereza kinataka manne au matano, kwa hiyo maneno yetu ni machache lakini marefu, na kuhesabu maneno hakukusaidii. Nilihesabu mistari. Zaidi ya mistari mitano mtu aliyebeba mtoto anaacha. Beverly Serrell, ambaye kitabu chake cha 1996 kuhusu lebo za makumbusho husomwa sana katika fani hii, anataka kila onyesho liwe na wazo moja kuu linaloweza kusemwa kwa sentensi moja, na hilo nimelichukua bila kubadilisha.

Kisha kuna ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Programu niliyotumia haijui Kiswahili, ikakata "kilichotengenezwa" baada ya t. Mtu yeyote aliyejifunza kusoma kwa ba be bi bo bu anajua silabi yetu huishia na vokali. Neno lililokatwa kwenye konsonanti humkwaza msomaji wa Kiswahili kabla hajajua kilichomkwaza, na anayesoma kwa taabu hudhani taabu ni yake. Nilizima ukataji wote, nikapanga mistari kwa mkono.

Na kuna chumvi. Vibao vya awali vilikuwa karatasi iliyochapwa, ikabandikwa kwenye ubao mwepesi wa povu. Hewa ya bahari ilivivimbisha, jua la alasiri likala wino mwekundu kwanza, halafu mweusi. Kimoja kilikuwa kimebaki na alama za vitone tu. Nilipouliza mafundi ni kitu gani kinachoandikwa hapa na kikadumu, wote walinipeleka kwa mtu mmoja, fundi anayeandika majina ya mashua. Hana kompyuta. Ana brashi nne, na mkono ambao umeandika ubavuni mwa vyombo vinavyoloa kila siku. Sasa kila kibao ni kipande cha mbao ya mwembe, kimepakwa rangi ya mashua, na jina pamoja na sentensi moja vimeandikwa kwa mkono wake. Maelezo marefu yamo kwenye kijitabu cha kurasa za plastiki kinachoning'inia kwa kamba pembeni, cha kushika na kupeleka kwenye mwanga. Herufi za fundi hazina hata pembetatu moja. Watu wa mtaa wanazitambua tangu mlangoni.

Kibao cha mbuzi sasa kinasema: "MBUZI. Kalia hapa, ukune nazi. Yako iko wapi?" Tumetoa moja nje ya kabati, chini, ya kukalia. Kina mama huikalia. Watoto wa shule hupigana kuikalia. Na ndiyo, ninajua kwamba neno kibao limekaa hapo mara mbili, kibao cha kuandikia na kibao cha mbuzi. Lugha hii ina vibao kibao, na nimepigwa vichache na wasimamizi wangu wa chuoni waliotaka jambo lionekane la kitaaluma zaidi.

Vibao 30 vilikwenda hivyo, vingine kwa siku moja, vingine kwa mwezi. Kilichobaki ni cha kigango.

Katika stoo ya makumbusho kuna kigango kimoja. Kwa asiyejua, vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa, ambazo Wagiriama na jamaa zao wengine wa Mijikenda huwasimamishia wanaume waliokufa wakiwa wanachama wa Gohu. Kikisimamishwa, hakihamishwi. Huachwa pale pale, mvua na mchwa vimalize kazi yao. Kwa miongo kadhaa, hasa tangu miaka ya 1970, vigango vingi viling'olewa na kuuzwa kama kazi za sanaa, vikaishia katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Baadhi vimeanza kurudi. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver yalitangaza kurudisha 30. Vingi vinarudi bila jina la mtu, na bila jina hakuna boma la kukirudishia.

Hiki cha stoo hakikuvuka bahari, lakini hali yake ni hiyo hiyo. Kitabu cha kupokelea vitu kinataja aliyekileta kwa herufi mbili tu. Kibao chake cha zamani, kilichotolewa ukumbini pamoja nacho miaka mingi iliyopita, kilikuwa kifupi kuliko vyote: "Sanamu ya mbao. Mijikenda. Ilikusanywa."

Ilikusanywa. Kama embe zilizoanguka.

Mwalimu alimwalika mzee mmoja wa Kigiriama aje akitazame. Alikuja na kijana wa kumsindikiza, akakaa nacho muda mrefu bila kukigusa. Nilikuwa nimejiandaa na maswali kuhusu michoro ya pembetatu iliyochongwa kifuani, kwa kuwa nilidhani huenda zingefaa katika usanifu. Hakuulizwa hayo. Alisema, kwa Kiswahili cha polepole kwa ajili yetu, kwamba hii si sanamu na si ya Mijikenda. Ni mtu, na ni wa watu fulani. Mkisema ni ya Mijikenda mnasema ni ya wote, na ya wote haina wa kuja kuidai. Pembetatu zile, nilizokuwa nimeziona zimezagaa kwenye pendekezo la kampuni, hapa zilikuwa juu ya kifua cha marehemu wa mtu.

Alishauri kisionyeshwe. Kikae stoo, kimesimama, kisilazwe, mpaka wenyewe watafutwe. Lakini pale ukumbini kilipokuwa pawekwe neno. Nafasi tupu na kibao.

Sasa tunagombana juu ya kitenzi. Kamati ya makumbusho ina watu watano na imekutana mara tatu. Mmoja anataka "kiliondolewa", ambalo ni la adabu. Mwingine anataka "kilichukuliwa". Mimi na kijana mmoja wa kamati tunataka "kiliibwa", kwa kuwa kigango hakiuzwi na mwenyewe, na hakihamishwi, kwa hiyo njia za kufika stoo si nyingi. Mwalimu hapingi ukweli wake, anapinga uthibitisho: herufi mbili za kitabuni zinaweza kuwa za mwizi, za aliyenunua kwa mwizi, au za ofisa aliyekinyang'anya kwa mwizi akakileta mahali salama. Tukiandika "kiliibwa", anasema, familia ya mtu wa tatu itakuja na wakili. Tukiandika "kiliondolewa", nasema mimi, familia ya marehemu haitakuja kabisa, kwa kuwa itajua tayari tuko upande gani.

Mzee alipopigiwa simu aulizwe, alisikiliza yote matatu. Akauliza kwa nini tunahangaika na kilichotokea wakati hatukijui. Akapendekeza tuandike tunachofanya: "Tunamtafuta mwenyewe."

Nimeipenda sentensi hiyo kuliko zote nilizoandika mwaka huu, hasa ile "tu-" ya mwanzo. Katika vibao vyote vya zamani makumbusho hayakuwahi kusema "sisi". Lakini ni ahadi, na Mwalimu, ambaye ana wafanyakazi wawili na hana gari, aliuliza ni nani atakayetafuta, kwa nauli ya nani, na nini kitatokea ikiwa kibao kitakaa pale miaka kumi kikisema tunatafuta. Mjumbe mmoja akapendekeza vyote viwili, kitenzi cha zamani kisha ahadi. Kikao kikaisha kwa sababu ya swala.

Kwa wakati huu tumeanza kidogo. Kijana yule aliyemsindikiza mzee amepiga picha tatu za kigango, za uso na kifua, akakubaliwa kuzipeleka mkononi, bila kuzituma kwenye simu, katika maboma matano anayoyajua. Mawili yamesema si wao. La tatu limeomba muda limuulize mama mkongwe aliyeko Malindi.

Fundi ameshaandaa ubao. Ameandika KIGANGO juu na "Tunamtafuta mwenyewe" chini, na katikati ameacha nafasi. Alitaka kujua aache kubwa kiasi gani, nikamwambia apime kwa "kilichukuliwa", maana kati ya yale matatu ndilo refu zaidi, herufi 13.